Bwana Anselme Courtadon na Mlango wa Misa

Bwana Anselme Courtadon, mlinzi mkuu wa Ushoroba wa Mfalme hapa Kasri la Chanterive, anastaafu leo tarehe 31 Agosti baada ya kulitumikia kasri hili kwa miaka thelathini na saba. Aliingia kazini na nywele nyeusi na hasira. Nywele zimekwenda.

Chama chetu cha wafanyakazi kimeniomba mimi, mama wa chumba cha makoti, niandike programu hii mliyoishika mkononi. Bwana Parmentelot, Mkuu wa Karamu na Mapokezi, alipita kwenye kaunta yangu akanipa ushauri ambao sikumwomba. "Solange, andika kwa ufupi na kwa furaha. Watu wacheke kidogo, wanywe kidogo, waende zao." Kwa furaha nitajaribu. Kwa ufupi nimeshindwa. Na mapema nawaomba radhi, kwa sababu kuna mahali huko mbele kalamu imetoboa karatasi. Nilikwenda kuungama kwa Padre Léonce, nikamwambia nina hasira na mtu. Akaniuliza kama nimetubu. Nikamjibu bado, Padre, ngoja kwanza nimalize kuandika.

Bwana Anselme alizaliwa kule chini kwenye mfereji, katika nyumba ya mtunza milango ya maji. Baba yake alifungua na kufunga milango hiyo maisha yake yote, mashua za mizigo zipande na zishuke. Bwana Anselme husema uji wake wa kwanza ulitoka kwenye mlango. Yule baba hakuacha shamba wala nyumba, aliacha usia: mlango ni wa kupitia, na ukiufunga bila sababu maji yatajitafutia njia, na njia hiyo hutaipenda.

Kazi yake ya kwanza hapa ilikuwa kusukuma toroli la kokoto bustanini. Aliyemtoa huko ni Mama Pélagie Rocheteau, ambaye wakati ule ndiye alikuwa mlinzi wa ushoroba, na leo, namshukuru Mungu, yupo nasi hapa mbele kwenye kiti chake cha magurudumu. Mama Pélagie anasimulia kwamba alifungua dirisha asubuhi moja akasikia mtu anafoka huko chini. Alipochungulia akamwona kijana anamgombeza bata aliyekunya kwenye ngazi za mfalme. Anamgombeza kweli, kidole kimenyooka, anamwuliza kama kwao hakuna maji. Mama Pélagie akasema moyoni, huyu ndiye ninayemtafuta.

Wageni wetu wa leo ambao hamfanyi kazi hapa, niwaambie kitu. Mahali mlipokaa hapakujengwa pawe ukumbi. Mmekaa njiani. Bwana Anselme amelisema hilo kwa watu wengi kuliko Padre alivyosema "Bwana awe nanyi", na alilisema akiwa amekunja uso, kama mtu anayedai haki yake. Habari ya shoroba zote za makasri ya wafalme wetu, alikuwa akiwaambia wageni, inaanza hivyohivyo. Mfalme ana chumba cha kulala upande huu, Mungu ana altare upande ule, na katikati kuna matope. Basi mfalme anajenga njia ya juu, yenye paa, imesimama kwenye matao, aende Misa asilowe. Hakuna zaidi ya hapo. Ni daraja la kwendea kanisani.

Yaliyofuata yakafuata yenyewe. Njia ni ndefu, haina mtu anayelala ndani yake, kwa hiyo siku ya mvua mfalme akawa anatembea humo kwa ajili ya tumbo lake. Watu walipojua mfalme anapita hapo kila asubuhi, wakaja kumngoja, huyu ana kesi ya shamba, yule ana mtoto anataka cheo. Na watu wakishasimama kukungoja, lazima waone kwamba wewe ni mkubwa. Ndipo zikaletwa mbao za ukutani zilizochongwa, na picha, na hawa wanawake wa plasta wanaobeba vikapu vya matunda juu ya vichwa vyenu. Uzuri wote huu, Bwana Anselme alikuwa akimalizia, umekuja kwa sababu watu walikuwa wanapita. Toa kupita, umebakiwa na chumba chembamba chenye baridi.

Wafalme wenyewe hakuwasamehe. Aliwakasirikia kama mtu anavyomkasirikia jirani aliyesogeza uzio. Yule aliyeziba matao ya chini ili apate jiko kubwa zaidi, alimwita mlafi. Yule aliyebandika safu ya vyumba vya mke wake upande wa kaskazini, akayaziba madirisha yote ya upande huo na kuweka vioo mahali pake, huyo ndiye alikuwa adui yake hasa. "Alitutoa jicho," alikuwa akiwaambia wageni, kana kwamba jambo lenyewe limetokea Jumanne iliyopita. "Tulikuwa na macho mawili, akatutoa moja, kisha akatupa kioo tujitazame tulivyo na chongo!" Mgeni mmoja kutoka Lyon aliwahi kumwuliza mfalme huyo alikufa lini. Bwana Anselme akamjibu, "Amechelewa kufa, baba. Alikufa baada ya kujenga."

Hasira hiyo ndiyo iliyoilinda sakafu mliyoikanyaga. Wengi mnakumbuka ile ziara ya mke wa mkubwa fulani kutoka Paris, aliyekuja na viatu vyenye visigino kama misumari. Hapa kila mtu huvaa kandambili za sufu juu ya viatu vyake, ndio desturi, na kapu la kandambili hizo liko mlangoni tangu enzi za babu zetu. Yule mama akapita kapu kama haoni. Bwana Anselme akasimama mbele yake, kandambili mkononi, akainama na kuziweka miguuni pake.

"Unajua mimi ni nani?" mama akamwuliza.

"Mimi najua kidogo, mama," akasema. "Lakini sakafu haijui kabisa mume wako ni nani. Tafadhali."

Akavaa. Na alipomaliza kutembea akaomba kupiga picha naye. Picha hiyo Bwana Anselme alikataa kuitundika, akasema amefumba macho.

Watoto wa shule ndio pekee waliomwona akicheka. Aliwapanga kushoto na kulia, akachagua mmoja awe mfalme, akamwambia atembee kwenda Misani na wengine wamletee maombi yao njiani. Siku moja mfalme alikuwa ni kasichana kenye meno mawili tu ya mbele. Wenzake wakamwomba hesabu zifutwe shuleni. Mfalme akafikiri, akasema, "Hesabu zibaki. Mwalimu ndiye afutwe." Bwana Anselme alicheka hadi akalazimika kukaa, na mwalimu naye akacheka, ingawa alikawia kidogo. Mwisho wa mchezo ulikuwa uleule kila mara. Aliwafungulia Mlango wa Misa kule mwisho, watoto wakaingia kanisani, wakanyamaza wenyewe bila kuambiwa.

Sasa nafika kwenye mlango huo, na kalamu imeanza kutoboa.

Walinzi wa ushoroba wana desturi yao. Asubuhi mlinzi hufungua vifuniko vya mbao vya madirisha, kimoja kimoja, kuanzia chumba cha mfalme kwenda kanisani. Jioni huvifunga kwa kurudi, kuanzia kanisani hadi chumba cha mfalme, kisha anashuka ngazi ya wafanyakazi kwenda nyumbani. Hivyo ndivyo siku zote isipokuwa moja. Siku ya mwisho ya kazi yake, mlinzi hufunga kwa kwenda. Anaanzia chumba cha mfalme, na kila kifuniko anachofunga giza linamfuata nyuma, na wenzake wanatembea pamoja naye humo gizani, hadi kimebaki kitu kimoja tu chenye nuru mbele yake, nao ni Mlango wa Misa ulio wazi. Hapo mlangoni anamkabidhi mlinzi mpya ufunguo, anapita, na hageuki. Mama Pélagie alitoka hivyo. Aliyemtangulia Mama Pélagie alitoka hivyo. Hakuna sheria iliyoandika, hakuna mkubwa aliyeagiza. Ni sisi wenyewe tumeona kwamba mtu aliyesimama maisha yake yote njiani anastahili siku moja apite hiyo njia mpaka mwisho.

Majira ya baridi yaliyopita, kampuni ya manukato ilitaka kula chakula cha jioni humu. Bwana Parmentelot akasema Mlango wa Misa unaleta upepo, wageni watapata mafua, na tena mahali pa kuweka viti vya kukunja hapapo. Akaagiza ukuta wa mbao ujengwe mbele ya mlango, na nyuma ya ukuta viwekwe viti. Kwa muda, alisema. Bwana Anselme akamwendea ofisini.

"Huo mlango ni pumzi ya hii nyumba, bwana. Ukiuziba tutafanya nini?"

"Tutakuwa na ukumbi, mzee wangu. Ukumbi mzuri kupita wowote kwenye bonde hili. Watu wanataka mahali pa kukaa. Nani siku hizi anataka kupita?"

"Na kanisani wapitie wapi?"

"Uani. Uani kuna njia."

Nilikuwepo, nimebeba koti la mtu. Nilimwona Bwana Anselme akigeuka. Akatoka. Tulimsikia akiongea na yule mfalme wa vioo njia nzima.

Karamu ikafuatwa na karamu. Watu wa manukato wakaenda, wakaja wa saa, wakaja wa mvinyo, ikaja harusi ya watu ambao hadi leo sijui ni kina nani. Mishumaa, supu, pumzi za watu, mvuke wote unapanda juu, na kule mwisho ambako zamani ulikuwa unatoka, umekutana na ukuta. Plasta ikaanza kutoka jasho. Naapa mbele ya Mungu kwamba niliwaona wale wanawake wa vikapu wakitokwa na jasho kama mimi jikoni siku ya Pasaka. Bwana Anselme akasema mara ya kwanza, akasema mara ya pili. Mara ya tatu hakusema, kwa kuwa tunda lilijisemea lenyewe. Katikati ya karamu ya watu wa mvinyo, pea moja la plasta liliachia kikapu likatua kwenye bakuli la supu la mwenyekiti wao. Supu ya maboga. Shati lilikuwa jeupe.

Nitawaambia ukweli, nilicheka, na nikatubu, nikacheka tena. Lakini kesho yake kicheko kilinikauka. Bwana Parmentelot aliwaambia wakubwa kwamba tunda limeanguka kwa sababu mlinzi wa ushoroba hupiga vifuniko vya madirisha kwa hasira. Hasira yake inajulikana, alisema, muulizeni yeyote. Ndugu zangu, mtu ametunza plasta hiyo tangu ujana wake! Anafunga vifuniko vile kama mama anayefunga mlango wa chumba alicholala mtoto. Hasira yake haijawahi kufika kwenye vidole vyake. Iliishia mdomoni, ambako Mungu ameiwekea mlango. Tulikwenda wote kusema hivyo, kuanzia wa tiketi hadi wa bustani, na neno lile likafifia. Halikufutwa, lilififia. Mafundi wakalirudisha pea mahali pake, ukuta ukabaki.

Kisha ikaja sikukuu ya Mtakatifu Ludoviko, wiki iliyopita tu. Kila mwaka siku hiyo tunaoka mikate mitamu ya siagi, tunaipitisha ushorobani kutoka chumba cha mfalme hadi kanisani, Padre anaibariki, tunagawana. Mbele hutembea mstaafu mwenye umri mkubwa kuliko wote, na mkate mkubwa anaupakata yeye. Kwa miaka sasa ni Mama Pélagie.

Mwaka huu tuliambiwa tupite uani. Na mbingu, ambayo ilikuwa imekauka mwezi mzima, ikafunguka siku hiyohiyo. Tulimsukuma Mama Pélagie kwenye kokoto, magurudumu yakazama. Wawili wakavuta, wawili wakasukuma. Koti langu nilimfunika yeye na mkate, lakini mvua ile haikuwa ya koti. Tulipofika kanisani mkate ulikuwa umekuwa uji mapajani mwake. Akautazama. Akasema, si kwa sauti kubwa, "Mfalme alijengewa njia asilowe. Mimi niliyeifagia nalowa."

Nikamtazama Bwana Anselme, nikasema sasa atapasua madirisha. Alichukua leso yake akamfuta Mama Pélagie uso, akamfuta mikono, akapiga magoti akamfuta na viatu. Jamani, nimemsikia huyu mtu akifoka kwa miaka zaidi ya ishirini na sikuwahi kumwogopa. Siku hiyo alinyamaza, nikaogopa.

Jioni yake alituma ujumbe kwamba haji kwenye sherehe ya leo. Mvinyo tunywe wenyewe.

Nilikwenda kwake kesho yake. Mkewe, Bi Clothilde, alinifungulia mlango akanionyesha kwa kidevu: yuko nyuma, anapalilia saladi ambazo hazina magugu.

"Bwana Anselme," nikamwambia, "watu watakuja kwa ajili yako."

"Waje. Watanikuta hapa."

"Na vifuniko nani afunge?"

Akasimama na jembe lake. "Nifunge niende wapi, Solange? Niambie wewe unayesali. Nafunga cha kwanza, nafunga cha pili, giza linakuja nyuma yangu. Nafika mwisho nafunga cha mwisho. Mbele yangu kuna nini? Ukuta. Nyuma ya ukuta kuna nini? Viti vya kukunja! Miaka yote hiyo, nisimame gizani mbele ya stoo ya viti, halafu mtu awashe taa aseme hongera mzee, karibu mvinyo?"

Nilirudi nyumbani nikasali rozari nzima, na nawaungamia kwamba katika matendo ya uchungu nilimwona Bwana Parmentelot akipita katikati yake mara kadhaa, na hakuwa upande mzuri.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya wageni kuingia, Faustin Brégeon alikuja kwenye kaunta yangu. Faustin ni seremala wetu, mnamjua, yule ambaye akiongea sentensi mbili kwa siku anaenda kulala amechoka. Yeye ndiye aliyeujenga ule ukuta, na tangu aujenge kuna watu hapa walikuwa hawamsalimii. Mimi nilikuwa namsalimia, lakini kwa baridi.

"Nimesikia mzee haji," akasema.

"Haji. Na wewe unajua kwa nini."

"Najua." Akapangusa unga wa mbao kwenye mkono wa shati. "Wewe dada umewahi kuniuliza niliujengaje?"

"Nikuulize nini? Ukuta ni ukuta."

"Kwa wengine," akasema. "Njoo."

Tukaja hapa ushorobani, akanisimamisha pale mwisho, mbele ya ukuta wake. Mnauona, umebandikwa mbao zilizochongwa kama kuta nyingine zote, kazi nzuri mpaka inaudhi. Faustin akaniambia agizo aliloletewa lilisema ukuta huo ufanane kabisa na kuta nyingine za ushoroba, mtu asione tofauti.

"Sasa kuta nyingine za humu zikoje?" akaniuliza.

Na mimi, niliyefanya kazi hapa nusu ya maisha yangu, ndipo nikaelewa. Kila anayefanya kazi kasrini anajua. Hakuna ukuta wa mbao katika nyumba ya mfalme usio na mlango uliofichwa ndani yake. Watumishi wangepita wapi na kuni, na vyungu vya haja vya chumbani, bila kukatiza mbele ya mfalme? Seremala wa kasri hufundishwa hivyo na aliyemtangulia, ambaye naye alifundishwa hivyo. Mbao zinachongwa, bawaba zinafichwa kwenye maua, na ukuta unakuwa ukuta mpaka mkono unaojua uuguse.

Faustin akaweka kiganja chake chini ya pea moja lililochongwa kwenye mbao upande wa kulia, akasukuma kama mtu anayemgusa rafiki begani. Ukuta ukafunguka. Haukulia hata kidogo. Viti vya kukunja alikuwa ameshavihamisha yeye mwenyewe, na nyuma ya nafasi ile tupu nikauona Mlango wa Misa, mzima, na harufu ya kanisa ikanijia usoni, nta na mawe ya kale. Nilipiga ishara ya msalaba. Kisha nikampiga Faustin kwa kitambaa changu cha vumbi.

"Miezi yote hii! Watu hawakusalimii, umenyamaza?"

"Hakuna aliyeuliza," akasema. Ile ilikuwa sentensi yake ya kesho, alikuwa ameitumia mapema.

"Na Mama Pélagie kulowa?"

Uso wake ukabadilika. Alisema siku ile yeye alikuwa amelazwa na mgongo kwa dada yake mjini Tours, na aliposikia habari ya ule mkate alilia. Hilo ndilo lililomleta kwenye kaunta yangu. Nimemsamehe, na ninyi mmsamehe.

Nilirudi kwa Bwana Anselme. Sikumdanganya, Mungu ni shahidi wangu. Nilimwambia hivi: njoo ufunge vifuniko kama ulivyofundishwa na Mama Pélagie, kwa kwenda, na ukuta tumwachie Mungu na mafundi wake. Akanitazama kwa jicho moja, kama anavyowatazama wageni wenye mikoba mikubwa. Akasema, "Nitakuja kwa ajili ya Pélagie. Sitakunywa." Ufunguo anao mfukoni. Bwana Parmentelot ameutaka mara mbili, na mara zote mbili amejibiwa kwamba ufunguo huu hukabidhiwa mlangoni, si ofisini.

Sasa nawaambia ninyi mliokaa, na msomapo hapa someni kimoyomoyo. Hotuba zikiisha, Bwana Anselme atasimama aanze na dirisha la kwanza, upande wa chumba cha mfalme. Simameni nyuma yake, kandambili zenu miguuni, tutembee naye. Nolwenn Arzel, aliyekuwa kwenye dirisha la tiketi na kuanzia kesho ndiye mlinzi wetu mpya, atakuwa kulia kwake. Faustin na mimi tutatangulia mbele. Mishumaa ya altare Padre Léonce ameshaiwasha, na Mlango wa Misa ameufungua kwa upande wa kanisa tangu adhuhuri. Mama Pélagie atapita wa kwanza, na mkate mpya uko mapajani mwake, mkavu. Bwana Parmentelot, ambaye programu yake amepewa ya mwisho, kama ilivyo heshima kwa mwenye nyumba, anakaribishwa kupita pia. Ukuta ni uleule alioagiza. Hatukubadilisha ubao hata mmoja. Na kama kesho atataka kuung'oa, Faustin ana nafasi.

Na wewe, Bwana Anselme, najua unasoma polepole kwa sababu ile miwani yako ulikataa kuibadilisha, ukasema ya mwanzo haijakukosea. Ukifika hapa usiinue kichwa, watajua. Endelea kukunja uso kama kawaida yako.

Asante kwa sakafu. Asante kwa wale wanawake wa plasta, ambao wote bado wana mikono yao. Asante kwa kutukasirikia sisi tulipoegemea mbao za ukutani tukiwa tumechoka, na kwa kutuletea kiti dakika hiyohiyo. Asante kwa hasira yako, ambayo Padre ananiambia si dhambi ikiwa ni ya kulinda kilicho cha wote, na nimemwomba anipe kidogo nami niitumie wewe ukishaondoka, maana nafasi yake itaonekana. Bwana akupe afya, na Bi Clothilde subira, na saladi zako magugu machache ya kukupa sababu.

Ukifunga kifuniko cha mwisho, usisimame. Nyoosha mkono wako wa kulia chini ya pea, usukume taratibu. Mpe Nolwenn ufunguo, pita, na usigeuke. Na kama nje mvua inanyesha, baba, wewe hutalowa.

Solange Quintrec
Chumba cha makoti